Vifuko vya Ute katika Shingo ya Kizazi: Fahamu Kabla ya Kununua Dawa

Katika njia panda kama Chalinze, yanapopita mabasi ya Morogoro na Tanga, mwanamke aweza kuuziwa dawa ya "kusafisha kizazi" au "kuyeyusha uvimbe". Kabla ya kutoa fedha, tunawasihi akina mama wafahamu yafuatayo.

Chanzo. Shingo ya kizazi ina tezi ndogo zitoazo ute. Baada ya kujifungua au kupona maambukizi, ngozi mpya huota na kuziba midomo ya tezi hizo. Ute hukusanyika, na kifuko cheupe au cha manjano hutokea, aghalabu cha milimita chache tu. Kifuko hiki si saratani, na kwa kawaida hakizuii mimba.

Tiba. Mara nyingi haihitajiki. Kikiwa kikubwa au kikileta maumivu, daktari hukitoboa au hukichoma. Dawa ya kunywa haikiyeyushi, na dawa za kuweka ukeni zaweza kuunguza.

Tahadhari. Kutokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, au majimaji yenye harufu mbaya, kusidhaniwe kuwa ni kifuko tu. Mwenye dalili hizo aende kituo cha afya, au Hospitali ya Wilaya iliyopo Msoga, akachunguzwe. Wanawake wa miaka 30 hadi 50 wapimwe hata wasipokuwa na dalili; kipimo cha siki huchukua dakika chache.

Hasara ya dawa za mitaani si fedha pekee. Ni miezi inayopotea iwapo ugonjwa ni mwingine.