Mchicha na Bogenvilia: Somo la Kulinganisha Mahitaji ya Mimea katika Bustani ya Shule

Utangulizi

Katika shule nyingi za Shinyanga na Geita mimea miwili huonekana mara kwa mara: mchicha nyuma ya madarasa na bogenvilia mbele ya ofisi. Mmoja huliwa, mwingine hutazamwa. Mwalimu wa sayansi anayo hapo maabara mbili zisizomgharimu kitu, nazo aghalabu hazitumiki.

Tukiuliza darasani, "Mmea unahitaji nini ili ukue?" watoto hujibu kwa sauti moja: maji, hewa, mwanga na rutuba. Jibu ni sahihi, lakini halimsaidii mtoto kuamua aimwage wapi ndoo moja ya maji aliyoibeba kutoka mbali. Makala haya yanaeleza somo linaloweza kumfikisha kwenye uamuzi huo.

Madhumuni ya somo

Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze:
(a) kueleza kwamba mimea yote ina mahitaji ya msingi yaliyo sawa, lakini si kwa kiasi kilicho sawa;
(b) kuonyesha kwa vipimo kwamba kiasi hicho hutegemea pia sehemu ya mmea tunayoitaka;
(c) kuchagua mahali panapofaa kwa mmea wa kuliwa na kwa mmea wa pambo.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Mchicha tunautaka kwa majani yake. Mbegu zake ni ndogo mno. Zichanganywe na mchanga mkavu ili zisidondoke kwa mkupuo, kisha zifukiwe kina kisichozidi sentimita moja. Huota baada ya siku chache, na majani huanza kuvunwa baada ya wiki tatu au nne. Kwa kuwa mizizi michanga haijaenda chini, na majani mengi yanatakiwa kwa muda mfupi, mchicha huhitaji maji ya mara kwa mara na udongo wenye naitrojeni ya kutosha. Samadi ya ng'ombe, ambayo Usukumani si haba, inafaa sana, mradi iwe imeoza vizuri.

Bogenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina lake linatokana na baharia Mfaransa, Louis Antoine de Bougainville. Hupandwa kwa kipande cha tawi lililokomaa, chenye urefu wa sentimita 20 hivi na vifundo vitatu au vinne. Ile rangi nyekundu, zambarau au ya machungwa tunayoiita ua si ua lenyewe. Ni majani matatu yaliyogeuka rangi, na ndani yake mna vijiua vitatu vyembamba vyeupe. Kila mtoto apewe kishada kimoja akifungue na kujionea.

Kichaka kilichokwisha kushika mizizi hustahimili kiangazi. Kikipewa maji na naitrojeni kwa wingi hutoa machipukizi marefu yenye majani mabichi, na rangi hupungua. Ukavu wa kiasi hukisaidia kuchanua. Kitu kisichokifaa ni maji kutuama kwenye mizizi, na kwa hiyo katika mbuga, yaani ule udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, sharti kipandwe juu ya kilima kidogo cha udongo.

Mimea yote miwili hutaka jua kamili. Mwalimu asiipande chini ya mwembe.

Jaribio

Wakati unaofaa ni kiangazi, baada ya mvua kukoma mwezi Mei na kabla hazijarudi Oktoba au Novemba, kwa sababu mvua haitaharibu vipimo.

1. Wanafunzi watengeneze matuta mawili ya mchicha, kila moja mita 1 kwa mita 1, yenye udongo na samadi sawa. Kwa kuwa ni kiangazi, tuta lizame kidogo chini ya usawa wa ardhi na kuzungushiwa kingo, mfano wa jaruba dogo la mpunga, ili maji yasipotee.

2. Kwa siku 10 za kwanza matuta yote mawili yapewe maji sawa, hadi miche isimame. Baada ya hapo tuta A lipate lita 5 kila siku, na tuta B lita 5 kila siku ya nne.

3. Vichaguliwe vichaka viwili vya bogenvilia vyenye ukubwa na rangi inayofanana. Vipogolewe siku moja. Kichaka A kipate lita 10 kila siku. Kichaka B kisinyweshwe. Samadi isiwekwe katika kichaka chochote, maana tukibadili mambo mawili kwa pamoja hatutajua lipi limeleta matokeo.

4. Kila Jumatatu, kwa wiki sita, wanafunzi wapime urefu wa mashina matano ya mchicha katika kila tuta na kuhesabu majani yake. Kwa bogenvilia wapime urefu wa machipukizi matano na kuhesabu vishada vyenye rangi. Yote yaandikwe katika jedwali.

Mchicha wa tuta B kwa kawaida hudumaa, majani yake huwa machache na magumu, na huwahi kutoa maua na mbegu. Hapo ndipo penye kiini cha somo. Kiu huuharakisha mchicha kuchanua, na kwetu ni hasara, kwa kuwa tulitaka majani. Kiu ya kiasi huisaidia bogenvilia kuchanua, na hayo ndiyo mavuno tuliyoyataka. Mkulima mzuri huanza kwa kujiuliza anataka nini kutoka kwa mmea wake.

Iwapo vichaka viwili vya bogenvilia havikutofautiana, mwalimu asiwaandikie wanafunzi jibu la kitabuni. Wachunguze sababu. Pengine mizizi ya kichaka kikongwe imefika chini penye unyevu, au vichaka havipati jua sawa.

Hesabu ya maji

Jaribio hili liunganishwe na somo la hisabati. Maji ya kina cha milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mkoa wa Shinyanga hupata milimita 600 hadi 900 hivi za mvua kwa mwaka, nazo karibu zote hunyesha kati ya Novemba na Mei. Tuta la mita 5 za mraba linalopewa lita 5 kwa kila mita linahitaji lita 25 kwa siku. Kwa siku 28 ni lita 700, yaani ndoo 35 za lita 20.

Ndoo hizo hubebwa na watoto, na mara nyingi ni wasichana. Shule inayomwagilia bogenvilia kila asubuhi ilhali mchicha unanyauka inatumia jasho la watoto kwa kitu kisicholihitaji. Maji yaliyonawiwa mikono, yasiyo na sabuni nyingi, yatoshe kwa maua. Yale safi yaende kwenye mboga.

Udongo wa machimboni

Katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, Geita, Kahama na kwingineko, liko hitaji moja ambalo vitabu vingi havilitaji: usalama wa udongo. Zebaki hutumika kunasa dhahabu, kisha huchomwa ikawa mvuke. Nyingine hubaki katika marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa. Rwamagasa, wilayani Geita, ni miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa na mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki katika miaka ya 2000, na mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata unaokusudia kupunguza matumizi ya zebaki.

Zebaki haiozi kama samadi. Majani ya mmea huweza kuuvuta mvuke wake kutoka hewani, na vumbi la marudio hutua juu yake. Kuosha huondoa vumbi, lakini hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani ya jani. Tena mchicha unaweza kuonekana mzuri na wa kijani huku ukiwa haufai kuliwa, kwa maana afya ya mmea na usalama wa mlaji ni mambo mawili tofauti.

Kwa hiyo bustani ya mboga iwe mbali na mialo, karasha na mahali pa kuchomea dhahabu, wala isimwagiliwe maji yatokayo huko. Eneo lenye shaka lipandwe maua na watu wazima. Ua haliliwi, na mizizi yake huzuia vumbi. Wanafunzi wasipelekwe kuchota marudio kwa ajili ya majaribio, wala wasishike zebaki. Shule yenye wasiwasi imwone ofisa kilimo wa kata, aishauri namna ya kupeleka sampuli za udongo maabara.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini kuchanua mapema ni hasara kwa mchicha, na ni faida kwa bogenvilia?
2. Shule ina ndoo 10 za maji kwa siku. Ina matuta manne ya mchicha ya mita 5 za mraba kila moja, na vichaka sita vya bogenvilia vilivyokomaa. Gawanya maji hayo na utoe sababu.
3. Kiwanja kimoja kiko karibu na mwalo, kingine kiko mbali lakini udongo wake ni mbuga. Utapanda nini wapi, na utatengeneza tuta la namna gani?
4. Chukua matokeo yako nyumbani umweleze mzazi. Je, bustani ya nyumbani inapata maji yake kutoka wapi?