Tufanye Nini na Vyombo vya Umeme Vilivyokufa?

Tukitembelea vikundi vyetu tunaona jambo moja karibu kila nyumba. Juu ya kabati kuna redio isiyosema, kwenye droo kuna simu tatu mbovu, na pembeni ile TV nene ya zamani, imefunikwa kitambaa tangu matangazo ya analogi yazimwe mwaka 2015. Mwenye nyumba husema, "Nitatengeneza tu." Miaka inapita. Siku moja mtu wa skrapu anabisha hodi, na TV inaondoka kwa bei ya sukari.

Hapo ndipo taabu huanza. Kinachotafutwa ni shaba. Nyaya huchomwa ili plastiki iishe, na kioo huvunjwa kikatupwa. Moshi ule ni sumu. Kioo cha TV hizo kina madini ya risasi, nayo huharibu ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhuriwa na risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Lakini je, pesa hurudisha afya ya mtoto?

Basi tufuate hatua hizi:

1. Tumwone fundi mapema. Pengine ni waya umekatika tu. TV ya zamani ikiwa nzima bado huonyesha ukiiunganisha na king'amuzi.

2. Chombo kizima tusichokihitaji tumpe jirani au tukiuze kingali kizima. Kisichopona, fundi atoe vipuri.

3. Tusichome, tusivunje, tusitupe shambani wala chooni. Betri ya simu iliyovimba isitobolewe. Huweza kushika moto.

4. Kikundi kiweke sanduku moja mahali pakavu, mbali na watoto. Likijaa, tuchange nauli tupeleke kwa wakusanyaji wenye leseni. Nairobi kuna WEEE Centre, ambako vyombo hivi huvunjwa kitaalamu. Peke yako nauli ni mzigo. Watu ishirini wakichanga, ni kidogo tu.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

(a) Nyumbani kwako kuna vyombo vingapi visivyofanya kazi? Vihesabu leo.

(b) Hapa kwetu nyaya huchomwa wapi, na ni watoto wa nani wanaocheza karibu?

(c) Nani atalitunza sanduku letu?