SOMO: DENI LIKIISHA, AKIBA IANZE

Ndugu wafanyakazi, dawa ya deni ni kulipa. Lakini ukisha lipa, usilale.

Tuchukue mfano. Mchuma chai wa hapa Uganda alikuwa akilipa mkopo shilingi 30,000 kila mwezi. Sasa amemaliza. Jamaa yake wamekwisha zoea kuishi bila fedha hizo. Basi aendelee kuzitoa siku ile ile ya mshahara, kabla hajapita dukani: 20,000 akiba ya dharura katika chama cha akiba na mikopo, na 10,000 karo ya watoto. Baada ya miezi 12 atakuwa na 240,000 za dharura na 120,000 za karo.

Akiba ya dharura haiguswi kwa nguo wala sherehe. Ni ya ugonjwa, msiba au kuachishwa kazi. Lengo ni chakula cha miezi 3. Mume na mke wapange pamoja, waandike katika daftari.

Sisi viongozi wa matawi tumeona mara nyingi: mwenye deni huogopa kudai haki yake, maana mwezi mmoja bila mshahara ni njaa. Mwenye akiba husimama na wenzake.

Swali la kujadili tawini: Deni lako likiisha, fedha zile zitakwenda wapi?