Ziba masikio kabla hujatoa hela

Wiki hii kuna binti kaniandikia. Hukimbia alfajiri kabla ya kwenda kazini, njia hiyo hiyo wanayopita bodaboda, na mama yake hataki kabisa kumwona na vidude masikioni. Sasa dukani kaonyeshwa hedifoni za mfupa, zisizotumia waya, kaambiwa: "Hizi haziui masikio." Anauliza, anunue?

Mdogo wangu, kwanza tafuna korosho huku umeziba masikio kwa vidole. Umesikia kishindo hicho? Kimepita kwenye mifupa ya kichwa mpaka sikio la ndani. Ndiyo maana sauti yako kwenye ujumbe wa WhatsApp unaiona kama ya mtu mwingine: umezoea kujisikia kwa hewa na mfupa pamoja, simu inanasa ya hewani tu.

Hedifoni hizo nazo ndivyo zifanyavyo. Hukaa mbele ya sikio na kutetemesha mfupa. Tundu la sikio linabaki wazi, honi unaisikia. Hapo mama atapumua kidogo.

Ila madukani kuna vispika vidogo vinavyouzwa kwa jina hilo hilo. Dawa yake ni hii: vaa, washa muziki, ziba masikio. Kama ni za mfupa kweli, muziki utabaki, tena besi itaongezeka. Sauti ikififia, hiyo ni spika ya kawaida. Mrudishie muuzaji, au ashushe bei.

Hilo la "haziui masikio" usilimeze. Hedifoni hizi zinakiruka kiwambo cha sikio, lakini sauti inaishia kule kule ndani, kwenye chembe za kusikia ambazo zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki. Mimi mwenyewe nilikosea: ndani ya daladala injini inanguruma, konda anagonga bati, nikapandisha sauti mpaka shavu likawa linawasha. Jirani yangu naye akausikia wimbo wote, maana zinavujisha sauti. Siku hizi nikipanda daladala nazivua.

Kwa hiyo nunua, lakini ziwe za mbio na za sauti ya chini. Na pa kuvuka barabara, zima muziki. Masikio yatakuwa wazi, ndiyo, lakini akili ikiwa kwenye kiitikio, honi utaisikia imeshafika.

Ni mimi, dada yenu.