SANDUKU LA BATI

Zamani, miaka ya 1880, mafundi wa Marekani walitengeneza masanduku ya safari: ndani mbao, nje bati lenye maua.

Sanduku moja limeharibika: lina kutu, mkono wake wa ngozi umekatika. Fundi atafanya nini? Kwanza haharakishi nyundo! Bati ni chuma chembamba kilichopakwa madini meupe. Madini yakikwaruzwa, hewa na maji hufika kwenye chuma, na kutu huanza kukila. Basi fundi anasugua polepole kwa brosi laini na mafuta kidogo. Akikaza mkono, atatoboa bati, na maua ya namna ile hatayapata tena. Haliloweshi sanduku, maana mbao zitavimba. Akiisha kulipangusa, anapaka nta na kutia mkono mpya wa ngozi. Misumari ya zamani iliyo mizima anairudisha mahali pake. Kisha anaacha kifuniko wazi siku nyingi, harufu ya uvundo itoke.