Tela la pawatila lisiibwe usiku

*Mtaalamu, nina pawatila na tela lake hapa Rujewa. Wakati wa mavuno tela hulala uani na magunia ya mpunga juu yake. Jirani kaibiwa la kwake, mimi silali. Nifanyeje?*
*Mkulima, Mbarali*

Hofu yako ina msingi, ndugu yangu. Pawatila angalau ina injini. Ikiwashwa usiku mtaa mzima unaamka. Tela halina ufunguo wala sauti: mwizi akichomoa pini na kulifunga kwenye chombo chake, ameondoka nalo. Basi pini ilale ndani, kwako. Pitisha mnyororo mnene kwenye rimu zote mbili na shina la mti, utie kufuli. Ukisafiri, fungua gurudumu moja kabisa. Tela la mguu mmoja haliendi mbali.

Mpunga ushushe jioni hiyohiyo, hata kama umechoka. Turubai huzuia umande, si mwizi.

Fundi wa kuchomelea akuandikie jina kwa moto chini ya chesisi, maana rangi hupakwa upya kwa saa moja tu. Tunza risiti na picha. Likiibwa, usisubiri kupambazuke: mwamshe mwenyekiti wa kitongoji, piga 112, kisha ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako, polisi. Barabara kuu ya TANZAM iko karibu. Asubuhi linaweza kuwa limeshapita Makambako.