Tupunguze Gharama za Jikoni

Hela nyingi za nyumbani huishia jikoni. Tufanye nini, jamani?

Kwanza, tupange. Kabla ya kwenda gulioni tuandike mahitaji ya wiki nzima. Kisichoandikwa tusikinunue.

Pili, tununue maharage wakati wa mavuno, bei ikiwa nafuu. Tuyakaushe vizuri juani kabla ya kuyahifadhi.

Tatu, tuyaloweke usiku kucha. Asubuhi tumwage maji yale, tuyapike kwa maji mapya, tukifunika sufuria. Yataiva upesi, na kuni kidogo zitatosha.

Ugali, maharage na mchicha wa bustanini hujenga mwili vizuri.

Haba na haba hujaza kibaba. Hela ya daftari la mtoto isiteketee jikoni.

Maswali
1. Kwa nini tuloweke maharage?
2. Andika mahitaji yako ya wiki hii.